Eda Nyumbani Mwetu

Jumamosi, 9 Juni 1956

Sijatulia. Tangu nirudi kutoka Serkili, klabu yetu ya mijadala, nimefungua kitabu mara tatu, na mara tatu nimekifunga bila kujua nilichosoma.

Leo nilikuwa msemaji. Mada nilijichagulia mwenyewe: "Mwanamume wa Kisasa na Nyumba Yake." Makarani, walimu, wauguzi wawili — wasomi wote wa Kisangani, au wanaojiita hivyo, wamefunga tai katika joto lile. Nilisema dakika arobaini bila kutazama karatasi. Nikahitimisha kwamba nyumba ambayo watu wake hawajui nafasi zao ni jeshi lisilo na safu. Makofi. Kisha René akanyanyua mkono. Tulimaliza pamoja shule ya Mafreri, wale watawa wa Kikatoliki. Yeye sasa ni karani wa posta na haipiti siku bila kulitaja. Aliomba kuuliza, kwa heshima zote: pondu ya leo, hayo majani ya muhogo, nyumbani kwa msemaji imepikwa na nani?

Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna mwingine atakayeusoma. Imepikwa na Baba. Kwa miaka kumi na tisa alimpikia Mbelgiji mmoja wa mjini, na mtaa mzima ulimwamkia kwa heshima, kwa sababu alirudi jioni na mkate mweupe kwapani. Miaka mitatu iliyopita mzungu wake alirudi kwao, na Baba hakupata mwingine. Tangu hapo anayetoka ni Mama. Kila wiki anavuka mto, anapanda treni hadi Ubundu, anarudi na vikapu vya samaki wakavu na kuwauza sokoni hapa Tshopo. Baba anafagia, anafua, anatwanga majani ya muhogo. Na mimi mwenye diploma nangoja barua ya kazi tangu Januari. Nilikataa kazi ya ghalani. Sikusoma miaka sita ili nipime magunia.

Mkono uleule, chungu kilekile. Kwa mzungu ilikuwa kazi. Kwa mke imekuwa fedheha. Ni hoja nzuri. Ningeitumia pale Serkili kama ingehusu baba wa mtu mwingine.

Jumapili, 10 Juni

Imetokea.

Mama alirudi kutoka sokoni adhuhuri, pamoja na Mama Clothilde, jirani yetu, mke wa mvuvi wa Kigenia. Moto ulikuwa umezimika. Baba alikuwa amekaa tu mbele ya majivu. Mama akatua kikapu na kufanya mzaha, kama anavyofanya kila siku, akimwita Baba kwa jina langu:

"Papa Alfani, mi narudia na njaa, na moto imelala. Kama jiko inakushinda, sema. Nitaoa muke ya pili."

Mama Clothilde akacheka, akashika ubavu. Siku nyingine Baba angecheka naye. Leo aliweka mwiko chini. Akanitazama mimi. Naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: alinitazama mimi. Asubuhi nilikuwa nimemweleza yote aliyosema René, nikaongeza yangu: kwamba mwanamume aliyekalishwa hubaki amekaa mpaka siku atakaposimama mara moja.

Akasimama.

"Madina, nimekuacha."

Mara moja tu. Mama Clothilde akatoka kimyakimya. Mama akanawa miguu, akaingia chumbani.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilimwambia Baba kwamba neno lisiloandikwa ni moshi. Nikachukua karatasi yenye mistari, nikaandika kwa ule mwandiko wa kulala ambao Mafreri waliusifu. Nikaweka "kwa kuwa" tatu, moja juu ya nyingine, kama hukumu za mahakama. Baba akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, za chuo cha Kurani. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Ni murefu," alisema.

Kabla ya alasiri nilikuwa nimekwisha kuipeleka kwa Mwalimu Ramazani wa msikitini.

Jumatatu, 11 Juni

Mwalimu Ramazani alikuja mwenyewe, na kanzu safi. Alikaa sebuleni, Mama alikaa nyuma ya pazia la chumba chake. Alieleza polepole, kama kwa watoto. Talaka ni moja. Sasa inaanza eda. Kwa umri wa Mama, eda ni miezi mitatu ya mwandamo. Atakaa humu humu ndani, hataenda sokoni, hatasafiri. Ndani ya miezi hiyo Baba akitaka kumrudisha, atasema neno mbele ya mashahidi wawili, basi. Mwezi wa tatu ukiisha kabla hajasema, Mama ataondoka, na wakitakana tena itabidi ndoa mpya.

Nilikuwa natikisa kichwa kama mtu anayesikia somo analolijua.

"Na kwa hii miezi tatu, Feruzi," Mwalimu akamgeukia Baba, "chakula chake, nguo, sabuni, yote iko juu yako."

"Juu yangu?"

"Juu ya nani tena? Weye si bwana? Si imeandikwa na karatasi kubwa?"

Sauti ya Mama ikatoka nyuma ya pazia, tulivu kabisa:

"Mwalimu, nakuomba urudilie ile kipande ya mwisho. Niko na masikio mubaya."

Akairudia.

Mwaka jana nilisoma mlango wa talaka katika kitabu cha Mwalimu, nimesimama mlangoni kwake. Nilisoma haki ya mume hadi mwisho wa ukurasa. Ukurasa ule ulikuwa na upande wa pili. Sikuufunua.

Alhamisi, 14 Juni

Mama hapiki. "Mi si muke ya mutu. Niko mugeni wa sheria."

Baba hapiki. Mwanamume aliyetoa karatasi hawezi tena kushika mwiko.

Wali niliopika mimi uliungua chini na kubaki mbichi juu. Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana.

Jumanne, 19 Juni

Vikapu viwili tu vya samaki vimebaki. Asubuhi Baba alivaa koti lake la zamani, lile alilopewa na mzungu, akavibeba hadi sokoni. Nilimfuata kwa mbali. Sikuwa na ujasiri wa kutembea naye, niseme hivyo.

Wauza samaki walimpokea kwa vigelegele.

"Karibu, Mama Feruzi! Leta kitambaa tukufunge kichwa!"

Aliketi mahali pa Mama, magoti juu, koti limefungwa mpaka shingoni. Kila mnunuzi aliyelalamika alipunguziwa. Aliyelalamika zaidi aliongezewa samaki. Hajui kubishana, Baba. Kipaji hicho chote kilikuja kwangu, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya banda la chumvi nikijifanya nasoma gazeti.

Jioni Mama alinusa vikapu vitupu. Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Alfani, mwambie papa yako, mutu akisema samaki iko na funza, amuulize: unataka nikuuzie funza peke yake?"

Nikamwambia Baba. Baba akasema: "Mwambie nimesikia."

Tunaishi hivi sasa. Mimi ni posta. René angefurahi.

Ijumaa, 29 Juni

Baba anakwenda Ubundu. Hajawahi kwenda. Usiku kucha Mama amekuwa akitembea nyuma ya pazia, nasikia mkeka. Alfajiri alianza kutoa maagizo kupitia kwangu: yupi wa wavuvi si mwaminifu, jinsi ya kupinda mkia wa samaki ili ujue kama amekauka hadi ndani, behewa gani lisilovuja. Alisema haraka, mikono ikipima hewani ukubwa wa vikapu. Nilijaribu kufupisha.

"Hapana fupisha," akasema. "Semesha yote."

Baba alikwisha kusikia yote. Aliondoka, na Mama akasogeza pazia kidogo, akatazama barabara mpaka nikaona haya kumtazama yeye.

Nimefagia ua. Mama Clothilde alipita na ndoo, akasimama. "Bonjour, mesye. Ile fagio inasemaka Kifaransa?" Niligeuka, nikafagia upande mwingine. Kuna majibu mengi, yote mazuri. Yalinijia alipokwisha kwenda.

Alhamisi, 19 Julai

Idi ya kuchinja. Safari ya tatu ya Baba. Ya kwanza alileta samaki waliooza nusu kikapu. Ya pili robo. Sasa Mama amenusa, akapinda mkia mmoja, akanirudishia bila neno. Bila neno ni sifa.

Tulikula sote watatu. Mama kwenye mkeka wake, upande wake wa pazia, pazia limefunguliwa. Baba alisimulia Ubundu: jinsi wapagazi wanavyogombana pale meli zinapokutana na reli, jinsi mvuvi mmoja alivyomficha samaki mkubwa chini ya mtoto aliyelala. Aliiga sauti zao. Sijawahi kumsikia Baba akisimulia chochote. Nilidhani hana la kusimulia. Kumbe alikuwa hana pa kulipata.

Mama alicheka. Kisha akakumbuka, akafunga pazia.

Siwezi kutulia. Mwezi mmoja na zaidi wa eda umepita.

Jumatano, 1 Agosti

"Alfani. Kuja na kiti."

Mama alikuwa na ile karatasi ya talaka mkononi. Mwalimu alimpa siku ile ya kwanza, naye akaitia ndani ya sanduku lake la bati. Mama anasoma herufi za chuoni, kama Baba. Hizi za Mafreri hazijui.

"Soma."

Nilisema kwamba yaliyomo anayajua tayari. Nilisema kwamba maandishi ya namna hii yana lugha yake. Alingoja nimalize.

"Soma."

Nikasoma. Kwa kuwa mke aliyetajwa amezigeuza kazi za nyumba juu chini. Kwa kuwa mume amefanywa kichekesho cha mtaa mzima. Kwa kuwa heshima ya mwanamume haigawanyiki... Sauti yangu ilikuwa nzuri mwanzoni. Nadhani hilo ndilo baya kuliko yote.

"Papa yako alisema hivi?"

"Maana yake ilikuwa hiyo, Mama."

"Sikuuliza maana. Miaka makumi mbili na ine nilikaa na ule mutu. 'Aliyetajwa' hajui kuisema. 'Haigawanyiki' hajui." Akachukua karatasi, akaigeuza, akaitazama kama anavyotazama nguo iliyoshonwa vibaya. "Yeye alisema neno mbili. Mbili tu. Ningeyameza na maji, ile jioni. Na yeye angenipa hiyo maji."

Nikasogeza kiti nyuma.

"Miaka mbili ya mwisho ya masomo yako," akasema, "hii mwandiko ililipwa na samaki."

Aliikunja karatasi mara nne, akairudisha sandukuni. Kisha, bila kunitazama:

"Bon. Enda. Pondu inaungua."

Jumamosi, 4 Agosti

Sijaenda Serkili. Nimewaandikia kwamba naumwa. Jambo la ajabu: ni kweli.

Jumapili, 12 Agosti

Nilimkuta Baba uani akisuka upya kikapu kilichopasuka. Nikamwambia wazi: amrudishe. Neno moja, mashahidi wawili, nitawatafuta mwenyewe.

"Si weye ulisema mwanaume akisimama hakai tena?"

"Nilikosea, papa."

Alicheka kidogo. "Andika basi. 'Kwa kuwa nilikosea.' Ziko tatu, hiyo ya ine ilikosekana."

Niliistahili. Lakini hakuwa na hasira. Aliendelea kusuka, kisha akasema polepole, kama mtu anayefikiri kwa vidole:

"Nikimurudisha leo, kesho nani anapanda treni?"

Nikamshikia ukingo wa kikapu.

"Ona, Alfani. Kule Ubundu wananiita Papa Feruzi, kama zamani. Sina mukate ya muzungu kwapani, na wananiita vile vile. Na yeye, akitoka eda, atataka kikapu yake. Iko yake, sibishi. Mi nitarudia wapi? Kurudia jikoni naogopa kushinda kulala peke yangu."

Miezi miwili nimekuwa nikidhani wanangojana kwa kiburi. Kumbe hawagombani kabisa. Wote wawili wanataka mlango uleule wa kutokea. Katika vitabu vyangu vyote sijasoma ndoa iliyokwama hapo.

Jumapili, 26 Agosti

Mama anahesabu miandamo vizuri kuliko Mwalimu. Ameniambia imebaki kama siku kumi. Kaka yake, koplo katika kambi ya Kapalata, amekwisha kupelekewa habari. Ijumaa ya tarehe saba atakuja na mkokoteni.

"Papa akikurudisha je?"

"Akinirudisha ili nikae hivi, nyuma ya pazia, heri Kapalata. Mi si samaki ya kukausha."

Sanduku la bati limehama. Lilikuwa chini ya kitanda. Leo liko karibu na mlango.

Alhamisi, 30 Agosti

Nimefanya kazi siku tatu kama sijawahi kufanya kwa ajili ya mtihani wowote. Nimekwenda na kurudi kutoka upande mmoja wa pazia hadi mwingine. Pendekezo langu: wiki moja Ubundu aende Mama, na Baba akae sokoni, wiki ya pili wabadilishane.

Mama alisema: "Mwambie, wavuvi wangu asiwaharibu na bei zake za huruma."

Baba alisema: "Mwambie, wavuvi sasa ni wetu."

Wetu. Nililipeleka neno hilo upande wa pili kama yai.

Kisha Mama akauliza, safari hii kwa sauti ya watu wote: "Na jikoni?"

Pazia likafunguka. Wote wawili wakanitazama.

Nilianza kusema kwamba hali yangu ni ya muda, kwamba barua yaweza kufika wakati wowote, kwamba mtu wa elimu yangu... Nikasikia maneno yangu. Nikayaacha hapo, katikati.

Baba anasema ataniambia uamuzi wake akirudi. Anaondoka kesho. Treni inarudi Jumanne.

Jumanne, 4 Septemba

Hajarudi.

Jumatano, 5 Septemba

Hajarudi. Mama amekunja nguo zake zote, amezikunjua, amezikunja tena. Ameniuliza mara mbili kama nimesikia filimbi. Stesheni iko ng'ambo ya mto. Hakuna awezaye kuisikia kutoka hapa. Nimesema sijasikia bado.

Alhamisi, 6 Septemba

Asubuhi. Mwalimu amepita. Leo ni ishirini na tisa ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama magharibi, eda imekwisha. Usipoonekana, tuna siku moja zaidi. Nimetazama mbingu: hakuna wingu, msimu huu ambapo kuna mawingu kila siku.

Saa nane. Nimevuka mto. Wanasema injini iliharibika njiani, katikati ya msitu; treni itafika leo. Nikambishia karani wa stesheni: leo saa ngapi? "Mesye," akasema, "leo iko murefu." Nimemwambia kwamba yangu inaishia magharibi. Hakuelewa, na sikuwa na muda wa kumfafanulia.

Saa kumi na nusu. Imefika. Baba ameshuka na vikapu vinne, macho mekundu kwa moshi, koti limepasuka begani. Kwenye mtumbwi sikungoja atulie. Mwezi, sanduku, koplo, mkokoteni, nilimwaga yote.

"Najua kuhesabu," alisema. Akatazama maji. Baada ya muda: "Amekula leo?"

Nikasema hapana, tangu jana.

"Na weye ulikuwa unafanya nini?"

Saa kumi na moja na nusu. Niko jikoni, daftari juu ya goti. Uani wamekaa mashahidi: Mwalimu Ramazani, na Mzee Alimasi, mshonaji wa nyumba ya nyuma. Nimewaleta mwenyewe, kwa kukimbia. Mwalimu anazungumza juu ya bei ya kitambaa cha shashi huku akitupa jicho magharibi kila mara. Jua liko juu ya paa la Mama Clothilde. Mwangaza umekwisha kuwa mwekundu.

Baba yuko ndani, amesimama mbele ya pazia. Hakunawa hata uso. Namsikia:

"Mama Alfani."

Ni mara ya kwanza tangu Juni. Hakupitia kwangu.

"Niko."

"Treni iliharibika."

"Nilisikia."

"Nililala ndani ya pori siku mbili na vile vikapu. Sikuacha hata samaki moja."

"Sikuuliza samaki, Papa Alfani."

Mwalimu ameacha kuzungumza. Nasikia pete za pazia zikisogea kwenye waya, sijui kwa mkono wa nani.

Ndizi zimeiva. Nilitaka wale lituma, ndizi za kutwanga, wote wawili, kitu cha kukaa tumboni. Lituma haisubiri: ndizi hutwangwa zingali na moto, zikipoa zinakuwa mawe, na Mama ataonja mara moja na kujua. Kinu kiko mbele yangu. Nikipiga mchi hata mara moja sitasikia.

Baba ameanza kusema, kwa sauti ya chini, polepole, na si lile neno moja la kumrudisha tu, ni mengi —

Zinapoa. Ziache zipoe.